Jina la mnufaika likibadilika kabla ya kifo

Mwezi Januari 2022, kwa mujibu wa upande wa mashtaka wa jimbo la Utah, Marekani, Kouri Richins aliingia kimyakimya kwenye akaunti ya mtandaoni ya bima ya maisha ya dola milioni 2. Bima hiyo mumewe na mbia wake wa biashara walikuwa wamekatiana. Akaondoa jina la mbia kama mnufaika, yaani atakayelipwa mume akifa, akaweka lake. Kampuni ya bima ikawataarifu wabia wale, nao wakalirudisha jina la awali. Tarehe 4 Machi mwaka huohuo mume akafariki, na vipimo vikaonyesha fentanili, dawa kali ya maumivu, iliyozidi kwa mbali kiasi cha kuua. Mke alikana mashtaka tangu mwanzo.

Kwa msomaji wa habari za mauaji, hapo kesi imekwisha. Lakini jalada hilohilo lina badiliko jingine ambalo watu hulisimulia kwa haraka: mwaka 2020, kwa maelezo ya wapelelezi, mume mwenyewe alikwenda kwa wanasheria bila mkewe kujua, akapanga upya mirathi yake na kuiweka chini ya usimamizi wa dada yake badala ya mke. Mabadiliko mawili, ndoa moja, yote ya siri. Moja linasomwa kama njama na jingine kama woga wa mtu anayehisi kwamba kikulacho ki nguoni mwake. Kwenye karatasi yanafanana. Tofauti inakuja unapouliza kalamu ilikuwa mkononi mwa nani, na uhai uliokatiwa bima ulikuwa wa nani.

Wanaotaka badiliko la jina lipewe uzito mkubwa mahakamani wana hoja nzuri. Anayeua kwa ajili ya fedha huficha sumu na hufuta ujumbe wa simu, lakini bima haiwezi kumlipa bila jina lake kuandikwa mahali fulani, na maandishi hayo yana tarehe. New York, 1927, Ruth Snyder na mpenzi wake Judd Gray walimuua mume wa Ruth. Bima ilikuwa na kifungu cha kulipa mara mbili kama kifo ni cha ghafla au cha kikatili, na mume hakujua ukubwa wa alichokatiwa. Mtu wa posta alieleza kwamba Ruth alimwagiza barua za bima ampe yeye mkononi. Kwangu mimi agizo hilo lina nguvu kuliko bima yenyewe. Kuwa na bima si kosa hata kidogo, ila kumzuia mwenye uhai asijue kuwa ipo kunahitaji maelezo. Wote wawili waliuawa kwa kiti cha umeme katika gereza la Sing Sing, Januari 1928.

Upande wa pili, watu hubadilisha majina kila siku kwa sababu za kawaida kabisa: wameoa, wameachana, mtoto amezaliwa, benki imedai dhamana ya mkopo, ofisi ya rasilimali watu imewaletea fomu mpya. Asiyebadilisha ndiye anayeacha matatizo. Bwana mmoja wa jimbo la Washington alifariki mwaka 1994, miezi miwili tu baada ya talaka, na jina la mtalaka wake likiwa bado kwenye bima ya kazini. Watoto wake wakaidai fedha hiyo hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo mwaka 2001 iliamua dhidi yao. Mtu mwenye busara, basi, angekuwa amebadilisha ndani ya miezi hiyo miwili. Na kama kifo chake kingekuwa cha kutatanisha, busara hiyo ingemtia mtu mwingine matatani.

Tatizo ni kwamba mpelelezi hufungua jalada la marehemu tu. Maelfu waliobadilisha majina wakaendelea kuishi hawamo kwenye meza yake, kwa hiyo kila badiliko analoliona linaonekana limeambatana na kifo. Tena, karibu kila aliye karibu na marehemu anapata kitu: nyumba, pensheni, au walau kitanda kizima. Kunufaika peke yake hakuthibitishi lolote.

Kasoro kubwa zaidi, nadhani, ni kwamba macho yote yakiwa kwenye mabadiliko, hatari inapita mlango mwingine. Nomia Rosemary Ndlovu, askari polisi wa Afrika Kusini, alipatikana na hatia Oktoba 2021 ya kuwaua mpenzi wake na ndugu zake watano kati ya 2012 na 2018. Malipo yalifika takriban randi milioni 1.4. Hakuhitaji kubadilisha jina la mtu. Bima alizikata yeye, juu ya maisha ya wengine, na jina la mnufaika likawa lake tangu siku ya kwanza. Bima za mazishi kule zinamruhusu mtu kuwaingiza ndugu wa ukoo, na katika jamii ambamo mwenye mshahara ndiye anayezika wote, nani angeshangaa? Ilikuwa mpaka polisi wenzake wajifanye wauaji wa kukodi ndipo akanaswa, 2018, akipanga kifo cha dada yake mwingine pamoja na watoto wa dada huyo.

Sheria imefunga mlango wa mwisho. Kenya, kwa mfano, kifungu cha 96 cha Sheria ya Urithi kinamnyima muuaji sehemu yoyote ya mali ya aliyemuua. Lakini hiyo inafanya kazi baada ya hukumu, mtu akiwa ameshazikwa.

Ndiyo maana wengine wanapendekeza kila badiliko litangazwe kwa wanaohusika. Hapo nasita. Mke anayepigwa, akimwondoa mume kwenye bima yake, ana haki ya kuifanya siri hiyo. Barua ikimfikia mume aliyeondolewa, inaweza kuwa ndiyo itakayomuua mke huyo. Taarifa iende kwa mwenye uhai uliokatiwa bima, kwa simu yake mwenyewe, kila bima inapofunguliwa juu yake na kila jina linapoguswa. Huko Utah ujumbe wa aina hiyo ulimfikia mume na akalirudisha jina. Ndlovu asingeweza kukusanya bima zile kama kila ndugu angepata ujumbe kama huo.