Suarez, Evra na Bleki wa Kariakoo: neno linageuka tusi lini?

Kuna jamaa Kariakoo, mitaa ya nyuma ya Msimbazi, anabeba mizigo, wote tunamwita Bleki. Jina lake halisi silijui na sidhani kama kuna anayelijua pale, ni mweusi tii, jina alipewa na wenzake zamani na hata akipokea simu anasema "Bleki hapa, nani mwenzangu". Sasa mwezi uliopita kaja mteja na Noah yake kachukua marobota ya vitenge, wakakubaliana elfu 3 mpaka kwenye gari, kufika kwenye gari jamaa anatoa elfu 2. Bleki akagoma. Mteja akasema kitu, na Bleki akalishusha robota pale pale katikati ya barabara, bajaji zinapiga honi, akaondoka zake.

Bleki anasema ameambiwa "we mweusi usinipotezee muda". Mteja anasema alisema "we mwehu". Mweusi, mwehu, hapo na makelele ya Kariakoo saa 6 mchana, nani kasikia nini? (Mteja alikuwa wa rangi gani sitasema, maana nikisema tu nusu yenu mtakuwa mshatoa hukumu.)

Kilichonifurahisha ni jinsi watu walivyogawanyika. Wenye maduka, ambao huyo mteja huwa anachukua mzigo kwao, wote walisema alisema mwehu, na hata kama alisema mweusi si sisi wenyewe tunamwita Bleki kila siku, leo limekuwaje tusi? Wabeba mizigo wote walisema ni mweusi, tena wengine hawakuwepo kabisa, walikuwa wako mtaa wa Mkunguni huko wanapakia. Jioni kwenye kahawa ubishi ukaendelea na kwa sababu ni Dar na ubishi wowote Dar lazima uishie kwenye mpira, mzee mmoja akauliza, hivi hii si ndo ile kesi ya Suarez na Evra? Hapo ndo kashata zikaisha bakuli zima.

Kwa ambao mlikuwa wadogo, ilikuwa tarehe 15 Oktoba 2011, Anfield, Liverpool na Man United, sare ya moja moja. Patrice Evra wa United akalalamika kwamba Luis Suarez wa Liverpool kamtolea maneno ya rangi yake wakati wanagombana golini. Suarez akakubali kwamba neno "negro" alilitamka, lakini mara moja tu, na akasema kwao Uruguay hilo ni neno la kawaida, Kihispania maana yake ni mweusi basi, hata shati linaweza kuwa negro. Tume ya FA, chama cha mpira cha England, ikakaa ikaandika ripoti ya kurasa 115, ikasema alilitumia mara 7, tena kwenye ugomvi, sio kwa urafiki. Mechi 8 nje, faini pauni 40,000.

Sasa shabiki wa Liverpool pale kijiweni, mtu mzima ana wajukuu, mpaka leo anakwambia hiyo kesi haikuwa na ushahidi. Na tusimcheke haraka, hoja anayo. Hakuna kamera iliyonasa yale maneno, hakuna mchezaji wa tatu aliyesimama akasema mimi nimesikia, ni Evra na Suarez tu, neno la huyu dhidi ya neno la yule. Tume ilichofanya ni kupima nani maelezo yake yamesimama na nani yanayumba, ikaona ya Suarez yanayumba. Anauliza, kesho mtu akikusingizia wewe na akawa anajua kuongea vizuri kuliko wewe, umekwisha? Swali zuri kabisa hilo, na huwezi kulijibu kwa kumwambia mtu "we unatetea ubaguzi".

Ila jamaa wa United akamjibu jibu ambalo mi naona lina uzito zaidi. Akasema, babu, uwanjani mtu anayetaka kukutukana hakuitii mashahidi, anakusogelea sikioni. Ukisema bila klipu hakuna kesi, umeshawaambia wachezaji wote kwamba ruksa, ilimradi unongoneze. Na kweli, hebu kumbuka Machi 2021 pale Ibrox, Scotland, Rangers na Slavia Prague, Ondřej Kúdela wa Slavia anamfuata Glen Kamara wa Rangers, mchezaji mweusi, anaziba mdomo kwa mkono, anamwambia kitu sikioni, Kamara anawaka moto. Kúdela akakubali alitukana ila akakataa kwamba tusi lilikuwa la rangi. UEFA ikampa mechi 10. Kamara naye akala 3 kwa kumshambulia mwenzie baada ya mechi. Kuziba mdomo peke yake sio ushahidi wa alichosema, nakubali, wachezaji siku hizi wanaziba mdomo hata wakiongelea kona. Lakini na wewe jiulize, unamfuata mpinzani umemkasirikia, unamsogelea sikio, unaziba mdomo, ili nani asisome?

Lililoniuma zaidi kwenye ile kesi ni lililofuata. Septemba mwaka huo huo Rangers wakaenda kucheza Prague na Sparta, sio Slavia, Sparta, wapinzani wa jadi wa Slavia. Uwanja ulikuwa umefungiwa kwa sababu ya ubaguzi kwenye mechi nyingine, wakaruhusiwa watoto na watu wazima wachache wa kuwasindikiza, na wale watoto wakamzomea Kamara kila akigusa mpira. Fikiria, ni sawa na mchezaji amelalamika kuhusu mtu wa Yanga halafu watoto wa Simba ndo wanamzomea. Hapo utani wa jadi umekufa, kimebaki "huyu kawashtaki wa kwetu". Yaani ushabiki wa timu nao una bosi wake, na bosi wake ni kijiji, yaani watu wa kwetu.

Maana ndo hivyo, Evra naye alizomewa Anfield Januari 2012 kwenye kombe la FA, na kabla ya hapo Desemba wachezaji wa Liverpool wenyewe walivaa tisheti za Suarez wakipasha misuli kabla ya mechi na Wigan. Ilichukua mpaka 2019 Jamie Carragher, aliyekuwa mchezaji wa Liverpool wakati ule, kumwomba Evra msamaha kwenye TV kwa zile tisheti. Miaka 8! Wachezaji na klabu wakifanya hivyo shabiki wa kawaida aliyeko Mbagala na jezi yake ya mtumba utamlaumu nini, yeye kaambiwa na timu yake kwamba mtu wetu kaonewa, kabeba kama alivyopewa.

Ila sasa nisijifanye malaika wa upande wa kulalamika, kwa sababu na huku nako kuna watu hawasikilizi. Chukua Edinson Cavani, Mruguay aliyekuwa United. Novemba 2020 katoka kuipa United ushindi kwa Southampton 3-2, rafiki yake akampongeza Instagram, yeye akamjibu "gracias negrito", yaani asante, na neno lilelile limefanywa dogo kwa mapenzi, kama sisi tunavyoweka "ka" mbele ya jina la mtoto. FA wakampa mechi 3, pauni 100,000. Hapa mi niko na Waruguay, mpaka watu wa lugha wa kwao walilalamika. Aliyeambiwa ni rafiki yake, hakulalamika, hakuna ugomvi, hakuna mpinzani. Ukisema neno ni tusi popote lilipo basi mwambieni na Bleki abadilishe jina la kupokelea simu. Na cha kuchekesha, mashabiki wa United waliokuwa wanasema 2011 "kwao Uruguay sio kisingizio", 2020 wote wamegeuka walimu wa Kihispania. Na wa Liverpool waliokuwa walimu wa Kihispania 2011, 2020 wamesahau lugha yote. Babu yetu alipoambiwa hivyo akanywa kahawa kimya kama dakika nzima hivi.

Kwa hiyo Suarez naona FA walikuwa sahihi, Cavani naona walizidisha, na tofauti yangu ni moja tu, hali ya pale neno lilipodondokea. Bleki likitoka kwa mwenzie anayegawana naye maji ya kunywa ni jina. Likitoka kwa mtu anayekudhulumu elfu moja, akiwa kakunja uso, ni kitu kingine, hata kama herufi ni zilezile. Wenye maduka waliosema "si tunamwita hivyo kila siku" walikuwa wanasema ukweli na wakati huo huo wanakwepa swali.

Kuna kesi moja hata mimi huwa sijui nikae wapi, ya John Terry wa Chelsea na Anton Ferdinand wa QPR, wiki moja tu baada ya ile ya Suarez, Loftus Road. Hii kamera ilimnasa Terry mdomo unatamka neno la rangi pamoja na tusi. Ushahidi upo sasa, si ndo mlikuwa mnautaka? Terry akasema ndiyo nimetamka, ila nilikuwa namrudishia alichodai nimemwambia, yaani kama unavyosema "ati mimi nimekuita hivi?" Na Ferdinand alisema pale uwanjani hakusikia. Mahakama ya London Julai 2012 ikamwachia huru, haikuweza kusema bila shaka kwamba lilikuwa tusi. Septemba FA, ambao wao wanaangalia tu kipi kina uwezekano zaidi, wakampa mechi 4 na faini pauni 220,000. Neno moja, mtu mmoja, hukumu mbili. Wa Chelsea wakashika ya mahakama, wengine wote wakashika ya FA, na wote wana karatasi mkononi. Anayekwambia ushahidi wa video utamaliza ubishi mkumbushe hii.

Halafu katikati ya hiyo hiyo sarakasi Rio Ferdinand, kaka yake Anton, mtu mwenye uchungu halali kabisa, akacheka mtandaoni alipoona mtu kamwita Ashley Cole aiskrimu ya chokoleti, nyeusi nje nyeupe ndani, kwa sababu Cole, mweusi mwenzao aliyecheza Chelsea na Terry, alikuwa shahidi wa Terry. Akala faini pauni 45,000. Sisi hapa tuna letu, "mzungu mweusi", tunalirusha kila siku kwa mtu akiongea kwa pua kidogo, na hatuoni tatizo. Mi nililitumia juzi.

Na hapo ndo penye ugonjwa wetu wa Bongo kwa maoni yangu. Tunaziangalia hizi kesi kama tamthilia ya Ulaya, sisi ni watazamaji tu, sisi ni weusi bwana tutambagua nani? Kaa banda umiza lolote, yale mabanda ya kuonyeshea mpira, lipa buku lako (elfu moja), sikiliza. Mkongo akikosa goli anaambiwa akapake mkorogo wake vizuri. Mchezaji mweupe mweupe kidogo akipoteza mpira kuna mtu lazima atapiga kelele "zeruzeru toka nje", na banda zima linacheka, wakati nchi hii hii watu wenye ualbino wamewindwa na kukatwa viungo miaka sio mingi iliyopita. Hakuna anayesimamisha mechi pale kuweka mikono msalaba kama ile ishara ya kulalamikia ubaguzi FIFA waliyoileta 2024. Ukisema kitu unaambiwa ni utani, mpira bila utani sio mpira. Na utani kweli ni uhai wa mpira wetu, mi utopolo na makolo, majina ya kuwatania Yanga na Simba, sitaki mtu aviguse, lakini utani wa jadi unanirudia mimi na timu yangu, we unanitania mi nakutania. Yule wa zeruzeru atakurudishia nini?

Kesi nyingine iliyotugawa ni ya Rodrigo Bentancur, Mruguay wa Tottenham, Juni 2024, kaulizwa kwenye TV ya kwao kuhusu jezi ya Son Heung-min, Mkorea waliyekuwa wakicheza naye Tottenham, akasema Wakorea wote wanafanana. Akaomba radhi, Son akasema hadharani kwamba yameisha, ni ndugu yangu. FA hawakuangalia hilo, Novemba wakampa mechi 7 na pauni 100,000. Kijiweni wengi walisema mwenye kidonda kasamehe, we mpita njia unalia nini. Nilitaka kukubali. Lakini Son alikuwa mwenzake wa timu moja, angesema nini, asimsamehe halafu wavae wote chumba kimoja? Na wale Wakorea wengine walioambiwa wanafanana, Son kawasamehea kwa niaba ya nani? Lakini tena mechi 7, kwa kauli ya kijinga aliyoiombea radhi mwenyewe... sijui, hapo naomba mniache.

Bleki alirudi kazini kesho yake kama kawaida, na hakuna aliyeacha kumwita Bleki. Mteja naye karudi wiki iliyofuata na Noah yake ile ile, wenye maduka wakawa wanamtafutia mbeba mizigo mwingine, Bleki akasema lete nabeba mimi, elfu 5. Safari ileile, umbali uleule. Jamaa akatoa noti nyekundu ya elfu 10, akasubiri chenji yake, hakubargeni hata neno. Kwenye kahawa wanabishana mpaka leo kama ule ni msamaha au ni jamaa tu alikuwa na haraka, na wenye maduka wanasema alikuwa na haraka.