Bahari ikipata joto, sauti hukimbia: tupige mlio au tusikilize tu?

Mwishoni mwa 2019 maji ya Bahari ya Hindi upande wetu wa magharibi yalipata joto kupita kawaida, na Kenya ikapigwa na mvua iliyoleta mafuriko na maporomoko ya ardhi. Sisi wa Nairobi tuko karibu kilomita 500 kutoka Mombasa, lakini joto la kilindini linatuhusu. Njia mojawapo ya kulipima ni sauti, na hapo ndipo penye ubishi: tutengeneze milio baharini, au tusikilize iliyopo tu?

Majini sauti huenda takriban mita 1,500 kwa sekunde. Joto huiongezea kasi. Shinikizo la kina vilevile. Kati ya maji ya juu yenye joto na ya chini yenye shinikizo kuna tabaka ambamo sauti huenda polepole kuliko kwingine, mara nyingi kwenye kina cha mita 1,000 hivi. Mlio mzito ukiingia humo hupinda na kurudi katikati kila unapotaka kutoka, ukasafiri maelfu ya kilomita. Mwaka 1991 mtaalamu wa bahari Walter Munk na wenzake walipiga milio karibu na kisiwa cha Heard, kusini mwa bahari yetu, ikanaswa hadi Bermuda, kwenye bahari ya Atlantiki.

Wanaotaka milio hiyo wana hoja nzito: ikiwahi kufika kuliko zamani, maji ya njia nzima yamepata joto. Wapinzani wanawataja nyangumi, na mimi nawaelewa. Nyangumi wa nundu huja Watamu kuzaa kuanzia Julai, na huitana kwa sauti. Meli zimeshawajazia kelele.

Ipo pia hofu kwamba tindikali inayoongezeka baharini itaifanya bahari imeze sauti kidogo zaidi, kelele zifike mbali; hiyo naiona imekuzwa. Kemia yake ni sahihi, ila mahesabu ya baadaye yalionyesha badiliko dogo.

Utafiti wa 2020 umenivuta upande wa kusikiliza. Matetemeko yanayojirudia mahali palepale karibu na kisiwa cha Nias, Indonesia, yalisikilizwa Diego Garcia, kisiwa cha katikati ya Bahari ya Hindi, kama nusu saa ya safari ya sauti; muda wa safari hizo ukalinganishwa na joto likapimwa bila mlio wa kutengenezwa. Kasoro ipo: tetemeko halipangiwi siku wala mahali. Hata hivyo ningeanzia hapo. Mtandao wa kimataifa unaochunga majaribio ya nyuklia una vinasa sauti majini Diego Garcia, na Nairobi una kituo kinachosikiliza hewa. Watabiri wetu wa mvua wapewe takwimu za vinasa hivyo vya majini kabla hatujaongeza mlio mwingine baharini.