Daftari la Sauti ya Tatu

Juzijuzi kabati la kwaya katika parokia moja hapa Mwanza lilifunguliwa kupisha ukarabati. Makaratasi yaliyokuwemo yakatolewa nje, na siku ya harusi mama wa jikoni wakayatumia kuwashia moto. Siwalaumu wao, walikuta karatasi kavu. Nilipouliza kwa nini hazikuhamishwa, niliambiwa nyimbo zile zimeshapitwa.

Mimi naimba sauti ya tatu, yaani tena, kwenye kikundi cha watu 14. Hatuna kinanda, hatuna spika, na sare yetu ni shati jeupe ulilonalo. Kikundi kilizaliwa na uhaba wa nauli. Tulialikwa kwenye jubilei Nansio, kisiwani Ukerewe, kwaya kubwa ikapiga hesabu ya kuvusha watu hamsini pamoja na vyombo, ikashindwa. Wakachaguliwa 14, tukaambiwa tupande MV Clarias tukawakilishe. Mazoezi ya mwisho tulifanyia juu ya meli, katikati ya akina mama wenye matenga matupu, upepo ukiipeperusha sauti ya kwanza kuelekea Ukerewe kabla yetu. Ndipo kwa mara ya kwanza nikaisikia besi yetu. Miaka yote niliyoimba nao, kinanda kilikuwa kimekaa juu yake.

Ulaya kikundi cha namna hii hukiita kwaya ya chumbani, na asili yake ni nyumbani hasa. Karne ya 16 watu waliketi kuizunguka meza wakaimba, kila mmoja na kitabu chenye sauti yake peke yake. Mtunzi Mwingereza William Byrd alichapisha misa zake tatu kwa vitabu vya namna hiyo, miaka ya 1590, bila hata ukurasa wa jina, kwa kuwa misa ya Kikatoliki ilikuwa marufuku Uingereza. Waliziimbia majumbani, kwa siri.

Nilipolijua hilo nilicheka, maana ndivyo tulivyokua. Mwalimu wa kwaya anaandika solfa, yaani noti za herufi, ubaoni, juu kabisa "Doh = G", nawe unanakili sauti yako tu kwenye daftari: d, r, m, nukta, kistari, koloni. Huna habari alto anafanya nini mpaka siku mnapounganisha sauti. Solfa hii aliitengeneza Mwingereza John Curwen karne ya 19, kutokana na kazi ya Sarah Glover, na wamisionari wakaisambaza. Enoch Sontonga, mwalimu wa Afrika Kusini aliyetunga mwaka 1897 wimbo ambao sauti yake ndiyo ya Mungu Ibariki Afrika, naye aliandika solfa kwenye daftari. Alikufa mwaka 1905, na daftari lile likaja kupotea. Tunasimama wima kwa wimbo wake kila sherehe, lakini nyimbo zake nyingi hazijulikani tena.

Sasa niseme linaloniwasha. Kwaya zetu zimekuwa watumwa wa albamu. Wimbo unapikwa studio, unashonewa sare, unazinduliwa kwa mgeni rasmi na bahasha, na mwaka ukigeuka hakuna anayekumbuka sauti ya pili ilikwendaje. Sina ugomvi na spika, vijana wacheze. Ila wimbo hukaa kifuani kwa kurudiwa, tena na watu wanaosikilizana.

Chukua Ave verum corpus ya Mozart. Ina bari (vipimo vya mapigo) 46 tu. Aliiandika Juni 1791, nusu mwaka kabla ya kufa, kwa ajili ya mwalimu wa kwaya wa mji mdogo wa Baden. Mwanzoni sauti ya kwanza inashuka so, fe, fa. Hiyo fe, nusu hatua kati ya so na fa, imetutesa miezi miwili. Ukiwa na spika unaipita tu, hakuna atakayejua. Mkiwa 14, kila mtu anamgeukia aliyekosea.

Hazina yetu nyingine ni wigashe, nyimbo za Wasukuma zinazoimbwa watu wameketi, mikono na mabega ndiyo yanayocheza. Kisukuma hupandisha na kushusha sauti ndani ya neno, na ukilibandika neno hilo kwenye wimbo wa Mzungu, maana inaweza kugeuka. Padri Stephen Mbunga alikwisha kuutetea muziki wa Kibantu kanisani kwa kitabu kizima mwaka 1963, mwaka uleule Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipotoa hati yake ya liturujia. Sisi bado tunauvalisha wimbo wa bibi zetu suti ya Mzungu.

Daftari moja lilinusurika moto ule, kwa sababu niliwahi kuliazima na sikulirudisha. (Naungama hapa, si kwa padri.) Ni la sauti ya tatu, wino wa bluu umevuja pembeni. Kuna wimbo wa matoleo humo ambao sauti zake nyingine hatunazo. Alhamisi iliyopita tulimfuata bibi mmoja Kirumba, aliyeimba sauti ya kwanza zamani. Akafumba macho, akaanzia mstari wa pili. Wa kwanza umemtoka. Tumekubaliana tumrudie wiki ijayo asubuhi, anasema jioni kichwa kinachoka.