Siku niliyomgonga mume wa komendanti bila gari

Ukiwa Mwafrika pale Kharkiv, Ukraine, watu wanaamini Kiingereza ulizaliwa nacho, wakati mimi cha kwangu nimekianza form wani shule ya kata, na ticha mwenyewe akikwama anahamia Kiswahili. Sasa 2019 nasoma udaktari kule, hosteli yetu ina komendanti, yaani msimamizi wa hosteli, mama wa miaka 60 hivi, mkali huyo acha tu, binti yake yuko Kanada na yeye anataka akamuone mjukuu, siku hiyo akaniita akaniambia synku, yaani mwanangu, nifundishe Kiingereza nitakulipa borshi, ile supu yao ya bitiruti. Na mimi chumbani nina jiko la umeme nimelificha, marufuku kabisa, nasongea ugali wa manka, ule unga wao wa ngano wa chengachenga wanaowapikia watoto uji, kwa hiyo nikaona nikiwa ticha wa komendanti nani atanikagua?

Somo la kwanza nikachagua "run". Neno jepesi, kukimbia, kwao ni bihty, tumemaliza. Tumemaliza wapi! Kumbe kamusi kubwa ya Oxford imekipa hicho kitenzi kimoja maana zaidi ya 600, mimi nilikuwa nazo tano. Nikamwambia mama, Mwingereza pua ikitoa kamasi anasema inakimbia, maji ya bomba yanakimbia, basi linakimbia kila dakika 10. Akaweka kalamu chini. Akasema kwetu basi linatembea, saa inatembea, hata mvua inatembea, hawa Waingereza wanawahi wapi?

Nikakosa jibu, maana hata kwetu saa inatembea.

Kipindi hicho ni uchaguzi, Zelensky yule mchekeshaji wa kwenye TV yuko raundi ya pili na rais Poroshenko, nikaona huu mfano wa bure, nikaandika "Zelensky is running for president". Mama akauliza, anakimbia? Kwao mgombea anakwenda kwenye urais kwa miguu, taratibu. Nikataka kumwambia kwetu hata hatembei, anagombea, kama watu wanaogombania kiti kwenye daladala, nikaona nitamvuruga zaidi. Basi bwana, Ijumaa ya tarehe 19 Aprili wagombea wakafanya mdahalo Uwanja wa Olimpiki kule Kyiv, uwanja wa mpira kabisa, mama wa watu akapanda ngazi mpaka floo ya nne kunigongea mlango, anahema, uso unang'aa: nimeelewa! Run! Ndiyo maana wako uwanjani!

Nikamwambia hongera mama. Ningefanyaje.

Kesho yake nikaenda soko la Barabashovo, lile la makontena lisiloisha, nani nakutana naye, mumewe, ananunua buti za mpira za kwendea dacha, kile kishamba chao cha nje ya mji. Mzee kachangamka, kanipiga piga mgongoni, tukaagana. Nikasema ngoja nimpe mama zoezi. Nilijua kuna "run" fulani ya kukutana na mtu bila kutegemea, ila ni "run across", na kwangu mimi across na over ni watoto wa baba mmoja. Nikatuma meseji: "Today I ran over your husband at the market. He is very happy."

Mama akaiweka kwenye programu ya kutafsiri. Ikamletea: leo nimemkanyaga mume wako na gari sokoni, amefurahi sana.

Gari! Mimi hata baiskeli sina! Anampigia mzee hapatikani, kumbe mzee yuko chini kwenye metro huko. Mimi sina hili wala lile, narudi zangu, nasonga manka, nasikia kishindo kwenye korido, nachungulia, mama huyo anakuja, ndala mguu mmoja, daftari la Kiingereza mkononi, anakimbia ile maana namba moja kabisa. Akili ikaniambia ni jiko. Nikalisukuma chini ya kitanda likiwa limewaka, na sufuria juu.

Akaingia anapiga kelele mume wangu yuko wapi, namwambia mama amefurahi, ndiyo anazidi kulia, mara blanketi linaanza kutoa moshi, sasa tunalia wote. Hapo ndipo mzee akatokea mlangoni, buti begani, anauliza kwa upole, mbona mnakimbizana?

Jiko likaenda na mama siku hiyo hiyo, na blanketi nikalipa.

Wiki iliyofuata njaa ikanishinda, nikachukua bakuli langu nikashuka kwenye somo kama kawaida. Mama akaniangalia juu mpaka chini, akafungua daftari, akatafuta mstari kwa kidole, kisha kwa Kiingereza safi akasema: "Borscht. Run out!"

Mpaka leo sijui kama alimaanisha borshi imeisha au nitoke mbio. Nilitii ile ya pili.