Dubwi la dukani ni kiroba cha kamari

Jumamosi moja asubuhi niliingia duka fulani Chang'ombe, hapa Dodoma, kununua sukari robo. Nikatoa noti ya elfu mbili. Mangi akapapasa droo, akapapasa mfuko wa shati, akasema, "Subiri kidogo kaka, chenji ipo kwenye dubwi." Dubwi ni mashine ya kamari ya kutumbukiza sarafu. Akapita pazia la kanga, nikasikia kopo la vyuma likimiminwa, akarudi na sarafu sita za mia mbili, zile zenye simba. Wauza maandazi na makonda wa daladala wanaijua hiyo siri. Ukikosa chenji mtaani, nenda kwenye dubwi, sarafu zote zinalala huko.

Nyuma ya pazia palikuwa na watu wanne. Bodaboda wawili, kofia ngumu bado kwapani. Mzee mmoja ambaye hakugeuka. Na mtoto wa kaptula ya shule, kasimama juu ya kreti la soda ili afikie vitufe, taa zinazunguka usoni kwake: tufaha, chungwa, kengele, tikiti, nyota. Nilipomwangalia akashuka, akajifanya alikuwa anamtafuta mtu.

Kuhusu mashine hizi kuna kambi mbili. Moja inasema zifutwe kabisa. Nyingine inasema zisimamiwe vizuri: leseni, kodi, umri, ukaguzi. Kambi ya kwanza ikishaongea huambiwa ni watu wa msikitini na kanisani wanaotaka kuleta mimbari serikalini, au ni kina mama wenye hasira na waume zao. Kambi ya pili ndiyo huonekana imesoma. Nimesikiliza pande zote kwa muda, na ninadhani hao kina mama wana hoja nzito ya kiutawala ambayo hakuna anayewapa nafasi waimalizie.

Tuanzie mbali kidogo, kwenye nchi inayotajwa sana na kambi ya usimamizi. Uingereza walikuwa na mashine za ruleti kwenye maduka ya kubeti, nne kwa kila duka kisheria. Mchezaji aliruhusiwa kuweka hadi pauni 100 kwa mzunguko mmoja, na mzunguko ulichukua sekunde 20. Baada ya miaka ya kelele, serikali ilikubali kushusha dau hilo hadi pauni 2, kisha ikataka kusogeza tarehe mbele. Waziri wa michezo, Tracey Crouch, akajiuzulu Novemba 2018 kwa sababu ya hiyo danadana. Tarehe ikarudishwa nyuma, na Aprili 1, 2019 dau likashuka mara hamsini kwa siku moja. Miezi michache baadaye William Hill wakatangaza mpango wa kufunga maduka kama 700.

Watu wakisoma habari hiyo hunasa kwenye ile pauni 100. Mimi hunasa kwenye zile sekunde 20. Ruleti ya aina hiyo ina namba 37, na ukipatia namba yako unalipwa 35 kwa moja pamoja na dau lako. Maana yake, kwa muda mrefu, mwenye mchezo anabaki na sehemu moja kati ya 37, yaani chini ya shilingi tatu katika kila mia. Mwambie mtu hivyo ataona ni nafuu kuliko makato ya kutuma hela kwa simu. Lakini sekunde 20 ni mizunguko mitatu kwa dakika, 180 kwa saa. Mtu wa dau la juu anapitisha pauni 18,000 ndani ya saa moja, na hiyo "nafuu" inamkata kama pauni 486 akiwa kwenye kiti kilekile, chai yake haijapoa vizuri. Uchungu wote upo kwenye mwendo. Mkeka wa mpira, yaani kubeti matokeo ya mechi, una dakika tisini, na mara nyingi siku nzima kabla ya hapo. Katikati unarudi nyumbani, unakula ugali, unagombana na mtu, unalala. Akili ina pa kupitia. Mashine haikuachii hiyo nafasi, ndivyo ilivyotengenezwa.

Sasa lete hesabu hiyo nyuma ya pazia la kanga. Utasema dubwi ni la mia mbili tu, si mashine ya madau makubwa. Tuchukulie mzunguko mmoja ni sekunde kumi, toka sarafu idondoke hadi taa isimame. Hiyo ni mizunguko 360 kwa saa, shilingi 72,000 zinazopita. Tuchukulie pia, kwa ukarimu, kwamba mashine inarudisha 85 katika kila mia. Zinazobaki tumboni ni 10,800. Hapo nimehesabu sarafu moja kwa mzunguko, wakati vitufe ni vinane na vyote vinabonyezeka pamoja. Bodaboda ninaowafahamu hapa mjini hupeleka kwa bosi hesabu ya kati ya elfu saba na elfu kumi kwa siku. Kwa hiyo saa moja ya dubwi inameza hesabu ya siku nzima. Kwa mwenye mfuko huo, hayo ndiyo madau makubwa. Pauni 100 ni kubwa kwa Mwingereza kwa kipimo hichohicho.

Na kinachofuata hesabu ikiliwa kila mtu wa mtaani anakijua. Kijana mmoja wa kijiwe cha Nkuhungu aliniambia alimaliza hela ya bosi kabla ya saa nne asubuhi. Nikamuuliza kwa nini hakuacha ilipofika nusu. Akanijibu kwa utulivu kabisa, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda stendi: "Kaka, pale sichezi nishinde tena. Narudisha ya bosi tu." Jioni alikopa kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba ya kunyonga. Wiki ya pili mkopo wa kikundi cha mke wake ukaenda kulipa kausha damu. Mke hajawahi kugusa dubwi, hata hajui kitufe cha kengele kinalipa ngapi, lakini ndiye aliyekuwa anakatwa kila Ijumaa mbele ya wanakikundi wenzake. Huyu ndiye "mwanamke mwenye hasira" wa kwenye mijadala yetu.

Kambi ya usimamizi si ya wahuni, niseme hilo. Tuna Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya 2003 na Bodi iliyo chini ya Wizara ya Fedha. Mashine inatakiwa kuwa na leseni, mchezaji awe ametimiza miaka 18. Kuna kodi, kuna vijana wanaolipwa kutengeneza na kuzungukia mashine, kuna wenye baa na maduka wanaopata fungu lao. Mtu mzima akiamua kupoteza hela yake, ni yake. Wana pia hoja ya gongo, ile pombe kali ya kienyeji, ambayo ndiyo nzito kuliko zote: imepigwa marufuku tangu babu zetu na bado inanyweka, na kwa kuwa imejificha hakuna anayepima iliyomo. Ukifuta dubwi, wanasema, litaingia chumbani na mtoto ataingia nalo.

Wanaitaja pia Norwei, na hapo ndipo wanaponiachia mlango wazi. Wanorwei walianza kwa kuzuia mashine kupokea noti mwaka 2006. Mwaka 2007 wakaziondoa zote. Baadaye shirika la serikali likaleta mashine mpya zinazochezwa kwa kadi yenye jina la mchezaji na kikomo cha kupoteza, kroni 400 kwa siku. Ni usimamizi mzuri mno. Lakini angalia mpangilio: kwanza walizoa kilichokuwepo, kisha wakarudisha kile wanachoweza kukihesabu. Na Uingereza hali ni hiyohiyo. Maduka yanajulikana anuani zake, mashine nne kila moja, mhudumu kaunta, na makampuni makubwa yenye jina la kupoteza. Kubadilisha dau kulikuwa jambo la kubadilisha programu.

Njoo huku. Mkoa wa Dodoma una wilaya saba. Kibaigwa peke yake, msimu wa mahindi, makuli wanalipwa taslimu jioni na dubwi linawasubiri njiani. Nani atakuwa pale saa mbili usiku kuuliza vitambulisho? Ufunguo wa mashine anao jamaa wa pikipiki anayekuja kukusanya sarafu. Mangi hajui mashine imewekwa irudishe kiasi gani, na mchezaji ndiyo kabisa. Ukiandika sheria nzuri ya mwendo wa mzunguko na kiwango cha kurudisha, inabidi fundi afungue tumbo la kila boksi, kuanzia Kizota hadi Mpwapwa, na arudi tena mwezi ujao kuhakikisha halijabadilishwa.

Hapa ndipo hoja ya kina mama inapoanza kukaa sawa. Chini ya usimamizi, mwenyekiti wa mtaa akiliona dubwi hana la kufanya. Huenda lina leseni, huenda halina. Huenda karatasi iliyobandikwa ni halali, huenda ni ya mashine nyingine. Akiuliza anaambiwa "tuna kibali", na mjadala umeisha. Bodi imekuwa ikifanya msako, ikikamata zisizosajiliwa na kuziteketeza, lakini msako hupita na mtaa hubaki. Likipigwa marufuku dukani, kila aliyeliona anajua ni kosa. Mjumbe anajua, mwalimu anajua, mama wa maandazi anajua. Wote wanakuwa wakaguzi bila mshahara.

Tumeshafanya hivyo, na si zamani. Viroba, vile vifuko vidogo vya plastiki vya pombe kali, vilipigwa marufuku Machi 1, 2017. Kabla ya hapo kulikuwa na kanuni zote unazozitaka: umri, saa za kuuza, leseni. Hazikushika, kwa sababu kiroba kiliingia kwenye mfuko wa kaptula na bei yake ilitosha chenji ya nauli. Serikali haikukataza pombe. Ilikataza chombo. Konyagi ikabaki kwenye chupa, baa zikabaki wazi, mtu mzima akaendelea kunywa. Juni 1, 2019 ikaja zamu ya rambo, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Bado utaona vifuko laini sokoni Majengo vinavyoitwa vifungashio kwa ujanja, lakini jaribu kukumbuka mitaro ya mji huu ilivyokuwa imesheheni.

Kwa nini viroba vikafuata njia hiyo na gongo ikagoma? Gongo hupikwa kwenye sufuria uani, na mnywaji huifuata yenyewe ilipo. Kiroba kilihitaji kiwanda na lori. Dubwi linashuka bandarini ndani ya kontena, linahitaji umeme, na zaidi ya yote linahitaji kuonekana na kusikika. Ule mlio wa sarafu likitapika ndio tangazo lake. Litie chumba cha ndani chenye kufuli, wateja wabaki watatu wanaojuana, na mwenyewe atakuja kulichukua kwa sababu halilipi mafuta ya pikipiki yake. Kenya walizikusanya na kuziharibu mwaka 2018 na bado nyingine zilirudi, sikatai. Lakini waliobaki nazo walibaki kama wahalifu, bila cha kumwonyesha mwenyekiti.

Pingamizi linalonisumbua ni jingine: kindege, ule mchezo wa simu ambao ndege inapaa na wewe unatakiwa utoe hela kabla haijapotea. Kina kasi ileile, hakina pazia, hakifungwi usiku. Ukiondoa dubwi, kijana wa Nkuhungu anayo simu mkononi. Ni kweli. Ila simu ina laini iliyosajiliwa kwa alama za vidole, hela inapita kwenye akaunti, na kila mzunguko umeandikwa mahali. Huko ndiko kikomo cha siku cha Kinorwei kinawezekana, na mwendo unaweza kupunguzwa kwa amri moja bila fundi kupanda basi kwenda Kondoa. Kwa hiyo nguvu za usimamizi zipelekwe penye kumbukumbu, na kisicho na kumbukumbu kiondoke dukani. Anayetaka mashine aende kwenye ukumbi wenye mlango, mlinzi na jina, kama anayetaka bia anavyokwenda baa.

Leseni zilizopo ziachwe ziishe muda wake, tusirudie yale ya viroba, ambapo watu walikamatwa na shehena waliyoinunua kihalali.

Nilirudi kwa yule Mangi wiki iliyofuata, nikamuuliza angeweka nini nyuma ya pazia dubwi likiondoka. Akasema friji la maji na juisi za pakiti. Akachukua kalamu, akapiga hesabu mgongoni mwa boksi la viberiti: umeme, faida ya chupa, siku za baridi. Pengo likatoka kama elfu tatu kwa siku. "Hiyo ni ada ya binti yangu," akasema, akanipa chenji yangu.