Kitenzi kilichozaliwa kitanzini

Tarehe 28 Januari 1829, muuaji William Burke aliponyongwa hadharani mjini Edinburgh, Uskoti, umati ulipiga kelele asipewe kamba, afanyiwe yaleyale aliyowafanyia aliowaua. Kelele hizo zililigeuza jina lake kuwa kitenzi cha Kiingereza. Kwanza burke ilimaanisha kuua mtu kwa kumziba pumzi bila kuacha alama. Baadaye ikawa kuzima jambo kimyakimya, liwe swali bungeni, kitabu au uchunguzi. Siku hizi ni neno adimu, ingawa polisi wa India bado wanalo: askari akikataa kuandikisha malalamiko ili uhalifu uonekane umepungua, kosa lake huitwa hivyo.

Wako wanaolichukia neno hili. Burke na mwenzake William Hare waliua watu 16, wengi wao mafukara na wapita njia, wakaziuza maiti kwa Dk. Robert Knox, mwalimu wa anatomia (elimu ya viungo vya mwili), kwa pauni 8 hadi 10 hivi kila moja. Kulitumia kwa mambo ya siasa, wanasema, ni kuwafukia marehemu mara ya pili. Wengine wanajibu kwamba hakuna neno linalokumbuka damu yake milele, na kwamba hili lina kazi yake: si kuzima tu, ni kuzima pasibaki ushahidi. Sisi tungesema kufunika kombe, lakini kombe hufunikwa kwa kusitiriana. Hapa hakuna stara.

Kwa hilo nawaunga mkono wanaolitetea. Kinachonikera ni jina lenyewe. Kwa nini Burke, wakati wauaji walikuwa wawili? Kwa kuwa mbinu yao haikuacha alama, madaktari hawakuweza kuthibitisha kwamba marehemu waliuawa. Mwendesha mashtaka akalazimika kutafuta shahidi miongoni mwa wauaji wenyewe. Hare akasema yote, akasamehewa. Knox, mnunuzi, hakushtakiwa kabisa. Hivyo kitenzi kimembebesha mtu mmoja mzigo wa soko zima, soko lililokuwepo kwa sababu sheria iliwaruhusu walimu wa tiba kupasua maiti chache tu, zikiwemo za wauaji walionyongwa. Sheria ya 1832 iliongeza maiti, za maskini waliokosa ndugu wa kuwazika.

Mwili wa Burke nao ulipasuliwa, na mifupa yake ingali katika makumbusho ya anatomia ya Chuo Kikuu cha Edinburgh. Hare aliachiwa Februari 1829, akavuka mpaka kuingia Uingereza. Alikofia hakujulikani.