Faili jembamba la kichwa kikubwa

Faili lilikuwa na karatasi tatu. Mtoto wa miezi mitano, mzingo wa kichwa sentimita 52, utosi umevimba, macho yanatazama chini muda wote. Kwenye mstari wa ugonjwa daktari kaandika neno moja: haidrosefalasi. Mimi ni mtunza kumbukumbu za wagonjwa, na kwa neno hilo peke yake msimbo ninaoruhusiwa kuweka, kwenye orodha ya kimataifa ya magonjwa (ICD-10), ni G91.9, yaani maji kichwani, aina haikutajwa.

Majibu ya CT, kipimo cha picha za ndani ya kichwa, yalikuwa yamebanwa nyuma. Vyumba vya pembeni vya ubongo na cha tatu vimetanuka, cha nne kiko kama kawaida. Hata mimi nisiye daktari naona kwamba maji yamekwama kwenye mfereji ulio kati ya cha tatu na cha nne. Hiyo ni haidrosefalasi ya kuziba, G91.1. Lakini msimbo hufuata maandishi ya daktari anayemtibu mgonjwa, haufuati picha wala ujanja wa karani. Nikarudisha faili. Likalala mezani kwake siku nne, na madai ya bima yakalala nalo.

Ubishi wa ofisini kwetu unaanzia hapo. Kuna wanaotaka kila faili lipate msimbo kamili, na hoja yao kubwa ni matibabu: palipoziba, daktari wa upasuaji anaweza kutoboa sakafu ya chumba cha tatu kwa endoskopu, mrija mwembamba wenye kamera, ili maji yapate njia nyingine, badala ya kuweka shanti, ule mpira unaoshusha maji tumboni. Ni kweli, ila hoja hii hutiwa chumvi. Sijaona daktari anayefungua kitabu cha misimbo kabla ya kushika kisu. Anaangalia picha.

Wa upande wa pili wanauliza, huyo daktari ana wagonjwa wangapi wodini? Na kule wilayani kusiko na CT atajuaje palipoziba? Ukimlazimisha ataandika "ya kuziba" ili fomu ipite, na takwimu zitachafuka kuliko zilivyokuwa. Hapo nakubaliana nao kabisa. G91.9 ya mtu asiye na kipimo ni jibu la kweli. Hata mgawanyo wenyewe una historia ya ajabu: mwaka 1913 madaktari Dandy na Blackfan, kule Baltimore, Marekani, walikuwa wakitia rangi kwenye vyumba vya ubongo kisha wanaitafuta kwenye maji ya uti wa mgongo. Ikionekana, njia iko wazi, isipoonekana, imeziba. Karne imepita na bado tunaandika kwa kufuata rangi ile, ingawa hata ile inayoitwa ya njia wazi mara nyingi imekwama mahali fulani mbele zaidi.

Ninachowapinga wote wawili ni kubishania neno "kuziba" peke yake. G91.1 inasema maji yamekwama, haisemi kwa nini. Mtoto aliyezaliwa na kasoro ya mfereji huo anapaswa kuingia Q03.0. Mwenye mgongo wazi pamoja na maji kichwani ana msimbo wake kwenye Q05, na ukimwongezea G91 umemhesabu mara mbili. Aliyeugua homa ya uti wa mgongo akiwa na wiki tatu, makovu yakaziba mfereji, anastahili G91.1 pamoja na G09, msimbo wa madhara yanayobaki baada ya maambukizi ya ubongo. Hao ni watoto watatu tofauti, na kwenye neno moja la daktari wote wanafanana.

Hospitali ya watoto ya CURE pale Mbale, Uganda, iliyofunguliwa mwaka 2001, ilionyesha faida ya kuandika chanzo. Daktari wa upasuaji wa ubongo Benjamin Warf na wenzake walipofuatilia historia za watoto waliowatibu, ilibainika kwamba takribani 6 kati ya 10 walipata tatizo baada ya maambukizi, mengi yakiwa ya wiki za mwanzo za maisha. Ni kwa sababu kundi hilo lilijulikana ndipo watafiti wakaenda kuwinda mdudu kwenye maji yenyewe, na mwaka 2020 wakatangaza kuwakuta bakteria wa jamii ya Paenibacillus.

Chanzo hicho mara nyingi hakihitaji mashine. Kinahitaji kumuuliza mama: kichwa kilianza kukua lini? Mtoto alipata homa au degedege kabla ya arobaini? Majibu yake ni mistari miwili, hata mganga wa zahanati anaweza kuiandika. Ningekuwa na sauti kwenye fomu ningeifanya mistari hiyo kuwa ya lazima, na neno "kuziba" ningewaachia wenye CT. Ningeongeza swali la shanti pia, maana mtoto anayerudi na shanti iliyoziba ni T85.0, lakini kwetu huandikwa haidrosefalasi tena na kuhesabiwa kama mgonjwa mpya.

Lile faili lilirudi siku ya tano. Daktari alikuwa ameongeza "ya kuziba" na saini yake, nami nikaandika G91.1, madai yakaenda. Kuhusu homa hapakuwa na mstari hata mmoja, na mama alishapanda basi la rufaa na mwanawe.